Tunaenda Kigali wikendi ya mwisho wa mwezi, mwenyeji anasema Jumamosi ni umuganda (kazi za pamoja za mtaa). Twende au tuchelewe makusudi?

kijana_wa_nyegezi

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kwa waliowahi kwenda Rwanda, hasa waliofikia nyumbani kwa mtu na sio hotelini.

Tuko wanafunzi 12 wa chuo hapa Mwanza, klabu yetu ni ya mazingira, tumechanga kidogo kidogo toka mwaka wa kwanza na sasa hela ya nauli imetimia. Tunataka kutoka Ijumaa alfajiri turudi Jumapili. Mwenyeji wetu ni jamaa tuliyesoma naye diploma, Mnyarwanda, anakaa Kimironko, mtaa wa hapo Kigali, na mama yake na wadogo zake wawili. Yeye mwenyewe ndo kila siku alikuwa anasema njooni njooni, hatukumuomba.

Sasa kuna mambo yametugawanya. La kwanza, hiyo wikendi imeangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, jamaa katuma voisi anasema "asubuhi tuna umuganda, mtakuja na sisi". Nusu ya kundi wanasema hatuwezi kukaa kwenye basi kutwa nzima ili tukafyeke majani ya watu, bora tulale Ngara tuingie Kigali Jumamosi mchana kazi zikiwa zimeisha. Nusu wanasema hiyo ni dharau. Mimi kama mwenyekiti naulizwa na sina jibu.

La pili hela. Nilimuuliza tumtumie kiasi gani ya chakula, akakataa, alafu baadae akaniambia mama kaumia hata kusikia nimeuliza. Lakini watu 12 jamani, hata kama ni siku mbili, huo ni mzigo. Silali vizuri kwa hili.

La mwisho ratiba, wengine wanataka Gisozi kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari, wengine mbuga ya Akagera wakaone simba, wengine Jumamosi usiku wanataka disko. Wikendi moja inatosha kweli?

dereva_wa_mizigo

Dogo anza na makaratasi kabla ya majembe. Napita mpaka wa Rusumo kila mwezi na nimeona wanafunzi wanashushwa pale wanabaki wanalia, wenzao wanaendelea. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi. Wanaovuka kwa kitambulisho ni Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wenyewe kwa wenyewe, walikubaliana 2014, sisi hatumo. Wewe unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, nenda Uhamiaji Mwanza mapema na barua ya chuo, usiende Alhamisi ukitegemea kusafiri Ijumaa. Viza hailipwi, ni jumuiya moja, unagongewa muhuri unapita, na ofisi za nchi zote mbili ziko jengo moja kwaiyo foleni ni ya mara moja.

Njia siku hizi imekuwa nyepesi. Zamani Kigongo mpaka Busisi ulikuwa unasubiri kivuko, saa zinakuishia hapo ukiangalia maji. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, kilomita 3 juu ya ziwa, dakika chache uko ng'ambo. Unashika Sengerema, Geita, Lusahunga, Benaco, unashuka Rusumo. Ukivuka daraja la mto Kagera gari linahamia kulia, sasa wale wanaopenda kuvuka barabara wanaangalia simu, waambie kabisa upande wa kutazama kwanza umegeuka. Na saa inarudi nyuma moja. Mkiambiwa saa 2 asubuhi ya kwao, kwetu ni saa 3.

Mifuko ya plastiki acheni nyumbani. Wao walipiga marufuku 2008, miaka mingi kabla yetu, na wanakagua kweli, hata ile uliyofungia viatu ndani ya begi.

Hayo ya umuganda wapo wanaojua kuliko mimi.

mzee_wa_kaunta

Mimi nasema wazi, mgeni ni mgeni. Umemkaribisha mtu katoka nchi nyingine, umemlaza, asubuhi unampa jembe? Kwetu mgeni anakaa kwenye kiti kizuri anachinjiwa kuku. Methali yenyewe inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu ndo mpe jembe. Hawa watoto wana siku moja tu na nusu, waacheni watembee. Na huo umuganda ni wa sheria, Mnyarwanda asipokwenda anaweza kupigwa faini, hao sio raia wa kule, hawabanwi na chochote. Waingie mchana, wale, watembee, wasalimie, warudi salama.

binti_kamachumu

Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu ila hapa acha nikupinge, kwa sababu mimi nilikwenda. Ilikua 2019, tulikua tisa, chuo tofauti na hicho cha mleta mada, na wikendi yetu ilikua hiyo hiyo ya mwisho wa mwezi, tena kwa bahati tu, hatukujua.

Naeleza kwa urefu maana nikisoma hili swali naona kabisa makosa yetu yanakuja kujirudia.

Tulifika usiku tumechoka, mama mwenyeji (alikuwa anaishi Kicukiro) katupikia agatogo, yaani ndizi za mchuzi na nyama, na isombe ambayo ni kisamvu hiki hiki chetu ila wao wanakipika mpaka kinalainika kama uji. Tukakaa chini tunakula, tunacheka, Kiswahili cha mama kilikua cha kuunga unga ila tunaelewana. Mwenzetu mmoja, Msukuma wa Magu, mtu mwema mno, mchangamfu, akamgeukia mdogo wake mwenyeji akamuuliza huku anatabasamu, "eti nyie ni kabila gani, ni wale warefu au wale wengine?"

Wakuu, chumba kilinyamaza. Mama akainuka akasema anakwenda kuongeza chai. Chai ilikuwepo mezani.

Yule Msukuma hakuwa na ubaya wowote. Kwetu kabila ni kama salamu, ukisema unatoka Bukoba mtu anaanza hapo hapo kukuita nshomile, Mmakonde anataniwa, Mgogo anataniwa, na mwisho mnakula pamoja. Sisi tumekua hivyo, hatujui bei yake. Kule hilo neno lilikua limeandikwa kwenye vitambulisho, na 1994 watu walisimamishwa barabarani wakaombwa kitambulisho na kilichoandikwa pale ndo kikaamua wanaishi au wanakufa. Siku mia moja, kwa hesabu ya Rwanda yenyewe waliuawa zaidi ya milioni moja. Sasa kitambulisho chao hakina kabila. Usimuulize mtu. Usimkisie mtu kwa pua wala urefu, hata kwa utani, hata kwa kunong'onezana ndani ya basi mkidhani Kiswahili hawasikii, wanasikia, tena toka 2017 ni lugha rasmi kwao.

Usiku ule mwenyeji wetu alikuja chumbani kwetu wavulana na wasichana tukiwa tumekaa wote, akasema taratibu tu, hapa sisi ni Wanyarwanda, basi. Hakumgombeza. Msukuma wetu hakulala.

Asubuhi saa 2 watu wakatoka. Ukiangalia unashangaa, barabara kimya, maduka yamefungwa, magari hakuna, na kila nyumba inatoa mtu na jembe au panga au beleshi, kuanzia wa miaka 18 mpaka 65. Yule mzee wa mtaa, wao wanasema mkuu wa mudugudu, ni kama mjumbe wetu wa nyumba kumi, alishajua kuna wageni maana mwenyeji alimtaarifu toka usiku. Tukapewa mfereji wa maji ya mvua uliojaa udongo. Nikifikiri hata sisi tuna Jumamosi yetu ya usafi ya mwisho wa mwezi, ilianza baada ya Magufuli kuifanya 9 Desemba 2015 iwe siku ya kufagia badala ya gwaride, lakini kwetu siku nyingi nimeona inaishia maduka kufungwa na watu kukaa barazani wakisubiri yafunguliwe. Pale hakuna aliyekaa.

Mama akaja moja kwa moja mpaka kwa yule Msukuma akampa jembe na kusimama pembeni yake. Hakusema kitu. Wakalima mfereji sambamba kama nusu saa hivi. Kijana alikua analima kama anaomba msamaha, jasho mpaka kwenye kisigino. Ilipofika mahali pagumu, watu wamechoka, akaanza kuimba bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya kwao, akarusha jembe juu likazunguka akalidaka, akachuchumaa, akalirusha tena. Majirani wote wakaacha kazi. Watoto wakaja mbio. Na mama akacheka mpaka akashika kiuno, akamwomba amfundishe, akashindwa, akacheka tena.

Tulipomaliza watu wakakaa chini ya mti kufanya mkutano wa mtaa, wanajadili mambo yao ya ulinzi na bima ya afya, sisi tukatambulishwa tukapigiwa makofi. Mama alikua amekaa kati yangu na Msukuma. Akasema kwa Kiswahili chake, kaka zangu na baba walikuwa wanafukua mfereji kama huu nyumbani, walikuwa watano, nimebaki mimi. Alafu akauliza tunapenda chai ya maziwa au kavu.

Sasa kijana wa Nyegezi, niambie, mngeingia saa 8 mchana mngekutana na huyo mama? Mngekutana na mpishi wenu. Njooni Ijumaa usiku, amkeni naye.

kijana_wa_nyegezi

Dada umenigusa sana, nimesoma mara mbili na nimetuma kwenye grupu letu. Lile la kabila kuna watu wangeuliza ndani ya dakika kumi za kwanza nakuhakikishia, mmoja wao pengine mimi.

Bado hela. Na je Gisozi tuiweke lini?

shangazi_wa_buzuruga

La hela mwanangu sikiliza mtu mzima. Kumuuliza mwenye nyumba "nikulipe kiasi gani" ni kumgeuza mama lishe, lazima aumie. Hujakosea kuwa na wasiwasi, umekosea njia. Mgeni haulizi, mgeni anakuja na mkono. Mchele wa kwetu kule unapendwa sana, na wananunua mwingi toka huku, kila mmoja wenu abebe kilo mbili mbili kwenye begi, hiyo ni kilo 24, mama atakula na majirani mpaka mwezi ujao. Ongezeni majani ya chai, sukari, sabuni, na kitenge kimoja kizuri cha mama, sio cha bei ya kutupa. Msimkabidhi mlangoni kama mzigo wa ofisi, mmoja wa wasichana aingie jikoni aweke, aseme mama zetu wanakusalimia.

Na usiku wa mwisho hela iliyobaki mfukoni mwa klabu mpe yule kijana mwenzenu pembeni, wewe na yeye tu, umwambie hii ni ya maji na umeme na nauli za kutuzungusha. Kijana kwa kijana hawezi kukataa kama mama anavyokataa.

Lakini kubwa zaidi ni hilo la watu 12. Nyumba ya mama na watoto watatu ina vyumba vingapi? Mama atakwambia mnatosha hata kama yeye atalala jikoni. Ulizeni yule mdogo, watoto husema kweli. Na mkiona hamtoshi, wavulana waende gesti ya jirani walale tu, chakula wote kwa mama.

mzee_wa_kaunta

Marahaba binti wa Kamachumu. Nimekuelewa. Habari ya huyo mama imenikalia moyoni toka asubuhi. Mimi 1994 nilikua Ngara nauza duka. Mwisho wa mwezi wa nne walivuka pale Rusumo karibu wakimbizi laki mbili na nusu ndani ya siku moja hivi, barabara yote kichwa juu ya kichwa mpaka Benaco, na chini ya daraja maji ya Kagera yalikua yanaleta maiti. Sikutaka kuyasema mwanzoni. Leo pale pana mtambo wa umeme wa megawati 80 tunaogawana sisi, wao na Burundi, na vijana wanapita na simu masikioni, ni vizuri, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ila mkifika daraja lile wanangu nyamazeni kidogo.

binti_kamachumu

Mzee bibi yangu alikua Kanyigo, aliacha kula samaki mwaka mzima kwa ajili ya ule mto unaomwaga ziwani. Alikua anatuambia tukiwa wadogo na hatukuelewa anasema nini. Niliposimama Gisozi ndo nikaelewa bibi.

wa_nyamirambo

Muraho ndugu zangu. Mimi ni Mnyarwanda, nakaa hapa Nyamirambo, Kiswahili nimezaliwa nacho maana mtaa wetu ndio lugha ya sokoni na msikitini. Nimefurahi kusoma hapa.

Kuhusu Gisozi. Pale wamelala watu zaidi ya 250,000, ilifunguliwa 2004, na 2023 UNESCO iliiandikisha pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero. Kiingilio hamna, mnaweza kununua maua na kulipia kile kifaa cha kusikiliza maelezo, hela hiyo inasaidia. Nawaomba mambo machache tu. Msiende mkiwa na haraka. Ndani kuna chumba cha watoto, picha zao na vitu walivyopenda kula na maneno yao ya mwisho, wengi hapo hushindwa kuendelea, mwacheni anayetoka nje atoke. Msipige picha za kucheka mkiwa juu ya yale makaburi makubwa ya pamoja, hata kama jua ni zuri na mji unaonekana vizuri nyuma. Na msimwombe mwenyeji wenu awaongoze ndani. Huenda atakuja, huenda atasema nawasubiri nje, mkisikia hivyo msimuulize kwanini.

Na msiipange siku moja na disko. Sisemi disko ni vibaya, vijana wa Kigali wanacheza sana. Ila moyo wa mtu sio swichi. Kama mna Jumamosi tu, fanyeni umuganda saa 2 mpaka saa 5, mle, mpumzike, mchana mwende Gisozi, jioni njooni kwetu Biryogo, kuna barabara imefungwa haina magari, viti nje, chai ya tangawizi, mishkaki ya mbuzi, kila mtu anaongea Kiswahili, mtakaa mzungumze mliyoyaona. Hapo ndio mtahitaji watu, sio muziki mkubwa.

Akagera hapana. Ni mbali, siku nzima inaisha, na mtu hawezi kuona simba na mwenyeji wake wikendi moja. Mbuga mnazo kwenu, Serengeti iko nyuma ya nyumba yenu.

Moto, hizo bodaboda zetu, ni abiria mmoja na kofia ngumu lazima. Ule mshikaki wenu wa watu watatu hapa hamfiki kona ya pili.

Umuganda nawaambia kutoka moyoni. Sheria ipo, ni ya 2007, mzee amesema kweli. Lakini mimi nilijua jina la jirani yangu siku tulipobeba naye mawe. Wageni wakija kubeba na sisi tunaona wametuona.

dereva_wa_mizigo

Kama hamuwezi kupata Jumatatu ruhusa chuo basi Jumapili mtoke Kigali saa 12 asubuhi, mkichelewa mtaingia Mwanza usiku wa manane. Kigali mpaka Rusumo ni kama saa tatu, mabasi yao yana kidhibiti mwendo, usitegemee dereva afidie.

kijana_wa_nyegezi

Wakuu nimerudi. Jana tulikaa kikao, nikawasomea huu uzi wote kwa sauti, hata wale wa disko walinyamaza. Tumekubaliana tunaingia Ijumaa usiku. Tumeomba Jumatatu ruhusa na mwalimu mlezi kasaini, kwaiyo Jumapili yote ni ya mama. Nilimpigia yule mdogo wake jamaa kama shangazi alivyosema, kumbe nyumba ni vyumba viwili na sebule na mama alishapanga kuhamia kwa jirani yeye na mkeka wake. Wavulana saba tunalala gesti, wasichana watano kwa mama, jamaa alilalamika kidogo akakubali. Mchele umeshanunuliwa, wa Geita, na kitenge kachagua dada mmoja wa kundi, mama atapendeza.

Kuna mmoja wetu anatoka Kisesa, alikuwa anacheza ngoma Bujora, kaanza kufanya mazoezi ya kurusha jembe nyuma ya hosteli.

Swali langu la mwisho kwa ndugu wa Nyamirambo, majembe tubebe yetu? Mpakani hayatasumbua?

wa_nyamirambo

Msibebe. Kila nyumba ina jembe na la mgeni. Njooni na viatu vya kuchafuka, na huyo wa Kisesa mwambie majembe yetu mpini ni mrefu kidogo, akifika Ijumaa usiku alishike kwanza alizoee.